Mama Dobi, Mshauri wa Wasomi

Serikali ya Koloni, baada ya kulitafakari jambo hilo kwa muda wa miezi kumi na minne, ilitamka katika Waraka Namba 14 wa mwaka 1957 kwamba mwanafunzi Mwafrika anayetoka katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu yumo katika hatari kubwa ya kupotea akifika huko. Kwamba serikali haiwezi kulitazama jambo hilo hivi hivi. Na kwamba, kwa kuwa hakuna awezaye kumwongoza mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kuwamo, kila wilaya itamteua Mshauri mmoja, Mwafrika, aliyekaa ndani ya chuo kikuu kwa muda usiopungua miaka mitatu. Maneno "ndani ya" yalipigiwa mstari.

Waraka ulibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi za serikali mjini Nakuru, kati ya tangazo la ugonjwa wa miguu na midomo na tangazo la mbwa wa setla aliyepotea, na hapo ukakaa wiki mbili ukisomwa na jua.

Kazi ya kumpata Mshauri ilimwangukia karani Saad. Huyu alikuwa mtu wa mtaa wa Bondeni, mjukuu wa mzee aliyepanda kutoka pwani pamoja na reli na kuamua kwamba Nakuru ni mbali vya kutosha. Alikuwa na kanzu safi na mwandiko safi zaidi, na aliamini kwamba kanuni yoyote ikisomwa polepole hujitimiza yenyewe. Mkuu wake, Bwana Pilbrow, alikuwa Afisa wa Matayarisho ya Wasomi, cheo kilichoundwa na waraka huo huo. Kabla ya hapo alikuwa akipigana na nzige. Nzige walipokwisha ilionekana ni hasara kumwacha afisa mwenye lori na meza akae bure.

Baada ya siku tisa Saad alikuwa na majina matatu. La kwanza lilikuwa la mwalimu aliyekaa chuoni miaka miwili na miezi kumi, kisha akaugua ini. Saad alimhurumia na kumkata. La pili lilikuwa la bwana mmoja aliyekaa miaka minne na kutoka na shahada, lakini tangu mwaka 1953 serikali hiyo hiyo ilikuwa imemweka kizuizini, na barua ya kumwita ofisini ilirudi ikiwa na mhuri wa kambi. La tatu lilikuwa la Nabalayo, dobi.

Nabalayo alizaliwa upande wa Mlima Elgon na kuolewa na mpiga bendera wa reli. Reli ilimhamishia mumewe Kampala, na huko Nabalayo akapata kazi ya kufua nguo za wanafunzi wa chuo kikuu. Alifua miaka saba. Mumewe alipofariki, reli ilimpa mjane tiketi ya kurudi mpaka pale mumewe alipoandikiwa kazi mwanzo, yaani Nakuru, mji ambao hakuwa na ndugu hata mmoja. Alishuka na beseni lake, akatazama huku na huku, akaona hakuna haja ya kubishana na tiketi.

Alipanga chumba Bondeni, akafunga kamba tatu uani, akaanza upya. Alifua kanzu za Waislamu wa mtaa, kola za makarani wa reli, na mara moja kwa mwaka mapazia ya kanisa, ambayo yalimjia kama yametoka vitani. Adui yake alikuwa ziwa. Miezi ya ukame maji yalirudi nyuma na kuacha magadi meupe, upepo ukayabeba mpaka Bondeni, na nguo iliyoanikwa asubuhi ikaanuliwa adhuhuri ikiwa ngumu kama samaki wa chumvi. Watu walimwita Mama Dobi. Hakujua kusoma. Alijua namba zote, na zile herufi zinazoanza majina ya watu, maana hizo ndizo alizokuwa akizishona kwa uzi mwekundu pembeni mwa nguo ili zisichanganyike. Barua yake ya sifa kutoka Kampala aliiweka ndani ya kopo la wanga. Saad aliwahi kumsomea mara moja, alipokuja kuchukua kanzu ya Idi, na Saad hakuwa mtu wa kusahau karatasi.

"Hodi, Mama Dobi."

"Karibu, karani. Kanzu bado. Ziwa limetema mate tena."

"Sikuja kwa kanzu. Nimekuja kwa serikali."

Nabalayo akaangusha kibanio. Miaka ile mtu akikwambia amekuja kwa serikali, unaangalia kwanza viatu vyako viko wapi.

"Nimefanya nini?"

"Umekaa chuo kikuu miaka saba."

"Nilikaa nikifua, Saad!"

"Waraka hausemi ukifanya nini." Saad akaufungua, akaupitisha kidole. "Mwafrika, ndiyo. Amekaa, ndiyo. Miaka isiyopungua mitatu. Wewe umezidisha minne. Mama, katika wilaya nzima hakuna mtu anayekushinda."

"Na hao watoto nitawaambia nini?"

"Unachokijua."

"Mimi najua madoa."

"Basi waambie madoa," alisema Saad, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuandika jina kwa wino.

Bwana Pilbrow alimwuliza swali moja tu, kwa kile Kiswahili chake alichojifunza kwa nzige. "Wewe nakaa huko miaka ngapi?" Nabalayo akajibu saba. Bwana Pilbrow akampa mkono, akaukuta mbichi na wa moto, akasema kwa Kiingereza maneno mengi ambayo Saad aliyatafsiri kuwa "vizuri."

Wakampa chumba kilichokuwa stoo ya sumu ya nzige, meza, viti viwili na kibao mlangoni. Kazi yake ya kwanza kama Mshauri ilikuwa kulivua pazia na kulifua. Kisha akakaa, kila siku kuanzia saa nane mchana baada ya kuanika, akingoja wasomi wasio na mtu. Watoto wa machifu na wa wachungaji wa kanisa waliokwenda chuo mwaka ule walikuwa na kaka zao waliotangulia, kwa hiyo waraka haukuwahusu. Wiki ya tatu ilipokwisha ilidhihirika kwamba wilaya nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa kusaidiwa.

Huyo alikuja Jumatano, msichana mrefu mwenye sweta la shule lililofumwa upya viwiko. Jina lake Chepkemei, binti wa mchungaji wa kondoo kwenye shamba la setla mmoja juu Kuresoi. Alikuwa amepita mtihani wa Cambridge kwenye shule ya misheni kwa alama ambazo misheni yenyewe ilizikagua mara mbili. Alisimama mlangoni akisoma kibao, akamtazama mama aliyekuwa nyuma ya meza akichunguza sweta lake.

"Wewe ndiye Mshauri?"

"Ndivyo wanavyosema. Keti. Nani amefuma hapo kwenye kiwiko?"

"Mimi."

"Umefuma vizuri. Uliza."

Chepkemei akatoa karatasi yenye maswali ishirini na mawili. La kwanza lilihusu maktaba. Nabalayo alisikiliza mpaka mwisho.

"Maktaba sikuiona," alisema. "Ila nakwambia hivi. Mtu wa maktaba ana wino hapa," akajigusa upande wa kiganja, "na hapa kwenye mkono wa shati. Kama wino uko kifuani, huyo kalamu inamvujia mfukoni, haandiki. Wale wa udaktari wananuka dawa, na nguo zao hazikubali buluu ya kuzing'arisha. Wale wa kilimo wanaleta udongo muhula wa kwanza tu. Wakishafaulu hawarudi tena shambani. Unaandika?"

Chepkemei alikuwa anaandika.

"Na foronya. Muhula wa kwanza, Jumatatu tukikusanya nguo, foronya zinakuja na chumvi. Duara, nyeupe, kama ziwa letu hapa. Nyingi tu! Hata za wale wanaume wakubwa wenye ndevu. Muhula wa tatu zimekauka. Kwa hiyo siku ile utakapolia, usifikiri ni wewe peke yako. Mimi nimezifua."

Msichana akaacha kuandika, akatazama pazia.

"Hilo halikuwa kwenye maswali yangu," alisema.

"Najua. Lete sweta nikaliwekee namba."

Mambo yangekwenda hivyo vizuri kama waraka usingekuwa na kifungu cha tano. Saad alikifikia tarehe kumi na tano Juni, kwa sababu alisoma kila kifungu siku yake ilipofika. Kifungu kilisema kwamba mwanafunzi ambaye nyumbani kwao hakuna anayekijua chuo hatapewa hati ya kusafiri mpaka ithibitishwe kwamba nyumbani kwao yupo anayekijua chuo. Mzazi atahojiwa na Afisa mwenyewe, maswali kumi na mawili, na hati itatoka au haitatoka. Gari la Kampala ambalo Chepkemei alitakiwa kulipanda lilikuwa la Jumamosi, tarehe ishirini na tisa. Akilikosa, nafasi yake chuoni ingepewa mwingine.

"Soma tena," alisema Nabalayo.

Saad akasoma tena, polepole zaidi. Haikusaidia.

"Lakini kama nyumbani kwao kungekuwa na anayekijua, asingekuja hapa."

"Kweli."

"Kwa hiyo ni wale tu wasiohitaji kusaidiwa ndio tunaruhusiwa kuwasaidia."

"Mama," alisema Saad kwa uchungu, "kifungu hicho kimepigwa chapa."

Chepkemei aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha pili akakunja mikono. "Baba yangu hatafaulu," alisema. "Si kwamba hana akili. Hajui kusema uongo. Mwaka arobaini na tisa setla alimwambia amwambie mnunuzi kondoo ni mia nne. Baba akasema mia tatu tisini na saba, pale pale, mnunuzi akisikia. Setla hajamsamehe mpaka leo, wala hajamwachisha kazi. Bwana Pilbrow akimwuliza chuo ni nini, atasema hajui. Ndiyo basi."

Nabalayo akamtazama yule msichana, jinsi alivyojikaza, akaona mbele yake foronya. Akasimama, akafunga ofisi ya serikali saa tisa mchana.

Kesho yake alipanda lori lililokwenda kubeba viazi, akakaa juu ya magunia matupu na kifurushi mapajani, na walipopita Molo baridi ikamwingia mpaka kwenye meno. Alimkuta Arap Kosgei, baba yake Chepkemei, kando ya josho, lile handaki la maji ya dawa ya kuua kupe, amevaa koti la jeshi la setla lililokatwa mikono, kondoo wakipita mmoja mmoja mbele yake, naye midomo ikimcheza. Nabalayo alifua nguo za watu miaka mingi vya kutosha kujua kwamba mtu anayehesabu hasemeshwi. Akangoja. Kondoo wa mwisho akatoka akijikung'uta.

"Mia nne kumi na wawili," alisema Kosgei. "Karibu, mama. Wewe ndiye wa nguo?"

"Ndiye mimi, mzee. Mtoto amekuambia mambo ya maswali?"

"Ameniambia. Mimi nitamwambia Bwana ukweli. Hiyo chuo siijui."

"Unataka aende?"

Kosgei akatazama ukungu uliokuwa ukishuka kwenye malisho. "Mimi nimechunga miaka thelathini. Kitu kikienda mbali, mimi nataka kujua watu wa huko wanahesabu ama hawahesabu. Hicho tu. Kama hawahesabu, asiende. Kama wanahesabu, aende."

Nabalayo akafungua kifurushi. Kilikuwa shuka la kitanda, kuukuu, limechakaa katikati hadi mwanga ukapita, na kwenye pembe moja lilikuwa na namba kwa uzi mwekundu: 31.

"Hii imetoka chuo kikuu," alisema. "Shika."

Kosgei akajipangusa mikono kwenye koti, akalishika. Aliisugua ile namba kwa kidole gumba, akageuza pembe aone na nyuma.

"Hii ni alama ya sikio."

"Kila mtu ana yake."

"Hata mtoto wa chifu?"

"Alikuwa sita. Jumatatu tunakusanya, tunahesabu. Tunaloweka, tunasugua, maji ya kwanza, maji ya pili, buluu, wanga, pasi. Ijumaa tunahesabu tena, zinarudi kwa wenyewe zimenyooka."

"Nguo ama watu?"

"Mimi niliona nguo, mzee. Sitakudanganya."

Kosgei akatikisa kichwa kwa heshima, kama fundi anayemtambua fundi. "Na kupotea?"

"Miaka saba nilipoteza soksi mbili."

"Na watu?"

"Mmoja. Foronya yake ilikuwa inakuja na chumvi kila Jumatatu. Muhula wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu Jumatatu moja haikuja. Walisema amerudi kwao. Hakuwa na mtu wa kumwandikia barua, na mimi sikujua kuandika."

Kondoo walikuwa wakilia ng'ambo. Kosgei akalikunja lile shuka kwa uangalifu, vibaya sana, na Nabalayo akajizuia kulikunja upya.

"Mimi pia sijui kuandika," alisema.

"Karani anajua."

"Basi," alisema Kosgei. "Sasa nieleze tena, kutoka Jumatatu."

Akamweleza. Alipomaliza, Kosgei akamweleza yeye josho, kwa adabu, ili wawe sawa. Saa sita mchana walikuwa wamekubaliana karibu juu ya kila kitu.

Mahojiano yalifanyika Alhamisi tarehe ishirini na saba. Kosgei alikuja na barua ya ruhusa ya setla na koti lile lile. Chepkemei aliambiwa angoje kwenye baraza, na kupitia dirishani ilionekana nusu ya kichwa chake. Saad aliandika. Nabalayo alikaa kando kama Mshauri, mikono ndani ya kifurushi.

"Swali moja," alisema Bwana Pilbrow. "Chuo kikuu iko nini?"

"Josho," alisema Kosgei.

Kalamu ya Saad ikasita.

"Watoto wanaingia na mlango moja," aliendelea Kosgei, "kila mtu na namba yake. Wanaingia kama wametoka malisho, na kupe yao. Wanapita kwa maji. Ile maji ni kali, wengine wanalia. Kule mwisho wanatoka na mlango ingine, wanajikung'uta, wanahesabiwa."

Uso wa Bwana Pilbrow ukawa wa mtu aliyesikia jambo alilolijua zamani likisemwa kwa mara ya kwanza. Akaomba lirudiwe, akaliandika mwenyewe kwenye daftari lake.

"Swali mbili. Kama mtoto nashindwa mtihani?"

"Anarudi kwa josho mara ya pili."

"Na kama nashindwa tena?"

"Huyo si makosa ya josho."

"Kweli kabisa!" alisema Bwana Pilbrow kwa nguvu.

Hivyo ndivyo walivyokwenda, swali hadi swali, na kadiri walivyokwenda ndivyo Bwana Pilbrow alivyozidi kuegemea mbele. Swali la saba lilitaka kujua faida ya elimu ya juu kwa nchi, na Kosgei akasema sufu inapata bei. Swali la tisa lilitaka kujua hatari zake, na Kosgei akasema ukiwaacha kwenye maji sana macho yanaharibika. Bwana Pilbrow akavua miwani, akaitazama, akaivaa. Nabalayo alianza kupumua. Alikuwa ameanza hata kufikiria uzi, kama atakuwa na uzi mwekundu wa kutosha.

"Swali kumi na mbili. Wewe mwenyewe naona chuo kikuu na macho yako?"

Nje, nusu ya kichwa ikazama chini ya dirisha.

"Hapana," alisema Kosgei.

Bwana Pilbrow akaweka kalamu chini, kwa masikitiko ya kweli. Alimgeukia Saad, wakazungumza kwa Kiingereza, na Nabalayo hakuhitaji lugha kuelewa. Kanuni ilitaka aliyeona. Huyu hakuona.

"Bwana," alisema Kosgei, bila kuinua sauti. "Ile kondoo dume ya setla wangu imetoka Ulaya. Mimi sijaona Ulaya. Lakini siku ile imeshuka kwa lori, mimi nilishika manyoya yake, nikajua huko kuna mvua ngapi na nyasi gani. Setla akauliza barua, barua ikasema ni kweli. Na hii chuo pia nimeshika."

Nabalayo akalitandaza shuka juu ya meza ya serikali, namba 31 ikamwelekea Afisa.

Bwana Pilbrow akainama, akaisoma ile namba. Aliposema, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hii mali ya chuo. Nafika hapa namna gani?"

Hilo Nabalayo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amefikiria kila doa isipokuwa lile moja. Aliona jinsi jambo litakavyoandikwa: Mshauri wa Wasomi, mwizi wa mashuka, msichana, mwanafunzi wa mwizi, hati ya kusafiri, hakuna. Akaingiza mkono kwenye kifurushi, akalitoa kopo la wanga, akalisukuma mbele ya Saad.

Saad akaitoa barua, akaipuliza, vumbi jeupe likamwangukia kwenye kanzu iliyofuliwa juzi. Akasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki: kwamba Nabalayo amefua kwa bidii miaka saba, kwamba hakuna kilichopotea ila soksi mbili, zisizo jozi, na kwamba kwa utumishi huo chuo kimemzawadia shuka moja, kuukuu, namba thelathini na moja.

"Bwana," Saad aliongeza, akiugeuza waraka ukurasa wa tatu, "kifungu cha tisa kinasema mzazi awe amekiona chuo, au sehemu yake yoyote."

"Yoyote?"

"Imepigwa chapa, Bwana."

Bwana Pilbrow akaugusa ule uzi mwekundu kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayejaribu kama nzige amekufa. Kisha akasaini.

Jumamosi, Nabalayo na Kosgei walisimama kwenye stesheni ya Nakuru. Kila kitu alichokuwa nacho Chepkemei kilikuwa kimeshonwa 31: sweta, sare mbili, taulo, hata kamba ya kufungia sanduku. Alikuwa amejaribu kueleza kwamba chuo kitampa namba chenyewe. Nabalayo alimwambia namba hiyo ina bahati na uzi umekwisha. Kosgei alikagua pembe zote moja moja, akaridhika. Gari lilipopiga king'ora alimwambia binti yake, "Kila Jumatatu, utajibu," basi, na gari likaondoka.

Kila mwisho wa mwezi Kosgei alishuka na lori la viazi, na Saad, baada ya saa za kazi, akaandika barua nne kwa mwandiko wake bora, moja kwa kila Jumatatu. Ya kwanza ilikuwa hivi: *Kondoo ni mia nne na tisa, watatu wamekula majani mabaya. Mama Dobi anauliza wino uko wapi. Wewe uko?* Zilizofuata hazikutofautiana sana, isipokuwa hesabu. Majibu yalikuja na gari la Kampala. Katika la kwanza Chepkemei alisema kwamba wino uko kwenye kiganja. Kwamba chuo kilimpa namba 112, lakini dobi walipojaribu kufumua uzi wa Mama Dobi walishindwa, kwa hiyo kwenye daftari la chuo sasa ameandikwa 31, na aliyekuwa 31 ndiye 112. Kwamba foronya wiki ya kwanza ilikuwa na chumvi, na ya pili, na ya sita ikakauka. Mwisho, kwenye mstari peke yake: *Niko.*

Kosgei aliomba neno hilo lisomwe mara mbili, kisha akapanda lori.

Mwaka ulipokwisha Bwana Pilbrow aliandika ripoti yake kwenda Nairobi. Alisema Waraka Namba 14 umefaulu kwa asilimia mia moja ya wanafunzi waliohusika. Alieleza, kwa maneno yaliyosifiwa baadaye, chuo kikuu kama josho la taifa. Alirudia kwamba siri ya mafanikio yote ni ile kanuni ya msingi, kwamba hakuna awezaye kumwongoza mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kuwamo. Na ili wilaya nyingine zijifunze, aliagiza ripoti iambatane na ramani ya chuo inayoonyesha mahali, ndani ya chuo, Mshauri wa Nakuru alipokaa miaka yake saba.

Saad akaandika Kampala. Chepkemei, ambaye alikuwa binti wa baba yake, alichora ramani kwa kipimo, akahesabu hatua mwenyewe, akatia kila jengo jina lake. Saad aliambatisha ramani kwenye ripoti kwa pini mbili, kama alivyoagizwa. Nyumba ya kufulia iko upande wa kulia, ng'ambo ya barabara, nje ya uzio.